Malindi ipi, Simba yupi? Ombi kwa kurasa za michezo na burudani

Kwa Mhariri,

Baada ya salamu, naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huonekana dogo mpaka limguse mtu nyumbani kwake. Katika toleo moja la karibuni, ukurasa wa burudani wa gazeti lako ulikuwa na makala kuhusu taarabu ya Malindi, na juu ya makala hiyo ikawekwa picha ya nguzo ya Vasco da Gama, hii iliyosimama hapa kwetu Malindi, Kenya, kwenye ncha ya mwamba ikitazama bahari. Makala yenyewe iliandikwa vizuri, na mwandishi alionyesha kwamba anazijua habari za udi, ganuni na fidla. Lakini kikundi alichokieleza si cha mji huu. Ni Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoundwa mwaka 1905, ambayo wenyeji wa huko wamezoea kuiita Malindi kwa sababu ya mtaa wa Malindi ulioko Mji Mkongwe, upande wa bandarini. Klabu ya kandanda ya Malindi inayocheza katika ligi ya Zanzibar nayo ni ya huko huko, na matokeo yake yanapochapishwa bila neno la ziada, wapo vijana wa huku wanaouliza timu yetu ilipanda lini daraja, na imekwenda kucheza na nani ng'ambo.

Sidai kwamba watu wa Unguja watafute jina jingine, wala sioni ubaya wa vitu viwili, vitatu au kumi kuitwa kwa jina moja. Majina hugawanywa duniani kote, katika muziki, katika michezo na katika hadithi, na mara nyingi wanaogawana hawajuani. Ninacholalamikia ni desturi ya vyumba vyetu vya habari kuandika jina kana kwamba lina mwenyewe mmoja tu, na zaidi ya hapo, ambalo naliona baya kuliko la kwanza, desturi ya kuunga udugu kati ya wajina kwa sababu tu majina yao yamelingana.

Hata picha iliyowekwa kimakosa ina kisa chake. Vasco da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498, akapokewa vyema na mfalme wa mji, akapewa rubani wa kumfikisha Kalikuti, huko India. Miaka 400 baadaye, mwezi wa Agosti 1898, wapiga makasia wa mjini Rio de Janeiro walianzisha klabu ya mashindano ya mashua, wakaipa jina la nahodha huyo kwa kuwa mwaka ule ulikuwa wa kuadhimisha safari yake. Klabu hiyo ikaja kuingia katika kandanda, na ndiyo Vasco tunayoisikia katika taarifa za Brazil hadi leo. Mnamo 1923 ilitwaa ubingwa wa Rio ikiwa na wachezaji weusi na vibarua, watu ambao klabu za matajiri hazikutaka kuwaona uwanjani. Mwaka uliofuata ilipoambiwa iwaache wachezaji wake 12 ndipo ikubaliwe katika chama kipya, rais wake aliandika barua ya kukataa, na barua hiyo huheshimiwa huko mpaka sasa. Goli la 1,000 la Pele, lililofungwa kwa penalti katika uwanja wa Maracanã tarehe 19 Novemba 1969, liliingia katika lango la Vasco hiyo hiyo. Mwaka 1998, klabu ikitimiza miaka 100, ilichukua kombe la Libertadores, ambalo ni la klabu bingwa wa Amerika Kusini. Nayataja yote haya kwa sababu mtu akiishi Malindi na kupita karibu na ile nguzo kila siku, ni rahisi kudhani kwamba jina hilo ni la hapa na kila anayelitumia amelichukua hapa. Sivyo. Klabu ya Rio na nguzo ya Malindi zina uhusiano wa kweli, ila uhusiano huo unapitia kwa mtu aliyekufa zamani, haupitii katika mji wetu, na mwandishi anayetaka kuueleza hana budi kuueleza hivyo.

Nije kwa Simba, jina ambalo nadhani limechosha hata wahariri wenyewe. Kuna Simba ya Dar es Salaam, klabu ambayo hadi mwaka 1971 ilikuwa ikiitwa Sunderland, yaani yenyewe ilikuwa wajina wa klabu ya Uingereza kabla ya kujipatia jina la Kiswahili na wajina wapya. Mwaka huo huo wa 1971, jijini Nairobi, ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Peter na George Peter Kinyonga, waliunda bendi ya Simba Wanyika. Bendi na klabu hazikuwa na shughuli yoyote ya pamoja. Tena bendi hiyo ikazaa mtihani wake: mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitenga wakaunda Les Wanyika, kisha ikaja Super Wanyika ya Issa Juma, na watangazaji wetu, Mungu awasamehe, huzirusha nyimbo za bendi hizo tatu kwa jina la yeyote anayewajia mdomoni. “Sina Makosa” ni ya Les Wanyika. Nimeisikia ikipewa Simba Wanyika mara nyingi mno.

Halafu kuna timu ya taifa ya raga ya Kenya ya wachezaji 15, ambayo huitwa Simbas, tofauti na ile ya wachezaji saba iitwayo Shujaa. Kuna mwimbaji Diamond Platnumz ambaye mashabiki wake humwita Simba. Kuna yule mtoto wa mfalme katika filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1994, ambaye kwa watoto wengi duniani ndiye Simba peke yake aliyeko. Na kwa wanaopenda mambo ya zamani, kuna filamu ya Uingereza ya mwaka 1955 yenye jina hilo hilo, inayohusu vita vya Mau Mau kwa macho ya walowezi. Katika orodha hii sioni hata wawili walioazimana jina, kwa kuwa mnyama mwenyewe yupo na kila mtu ana haki ya kumtaja. Hata hivyo kichwa cha habari kinachosema “Simba wapigwa ugenini” kinaweza kuwa cha kandanda au cha raga, na msomaji wa Malindi anayefuatilia ligi za nchi zote mbili hujua ukweli akiwa amekwisha kulipa pesa za gazeti.

Mfano ambao mimi huuona mzito kuliko yote ni ule wa Chui Mweusi, na naomba nivumiliwe niueleze kwa urefu. Mwaka 1966 ulikuwa na Chui Weusi watatu. Wa kwanza ni Eusébio, kijana aliyezaliwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, katika mwambao huu huu wetu wa mashariki. Magazeti ya Ulaya yalimbandika lakabu hiyo, na katika Kombe la Dunia lililochezwa Uingereza mwezi wa Julai mwaka ule alifunga mabao 9, manne kati ya hayo katika mchezo mmoja dhidi ya Korea Kaskazini ambao Ureno iliushinda kwa 5–3 baada ya kutanguliwa kwa mabao matatu. Wa pili ni shujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, mfalme wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda, aliyebuniwa na Stan Lee na Jack Kirby na kuonekana mara ya kwanza katika toleo lenye tarehe ya Julai 1966. Wa tatu ni chama cha siasa kilichoanzishwa mjini Oakland, Marekani, mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, na Huey Newton na Bobby Seale.

Mtu akiziona tarehe hizo zimefuatana, moyo humtuma kusema kwamba chama kilichukua jina katika kitabu cha katuni, au kwamba mwenye kubuni katuni alikuwa akitazama kandanda. Nimekwisha kusoma madai ya aina hiyo kwa Kiswahili, yameandikwa kwa uhakika kabisa. Ukweli ni kwamba chama cha Oakland kilipata alama yake katika jimbo la Alabama, kwa chama cha wapiga kura weusi wa wilaya ya Lowndes kilichoanzishwa mwaka 1965. Sheria ya jimbo ilitaka kila chama kiwe na picha kwenye karatasi ya kura kwa ajili ya wasiojua kusoma; chama cha wazungu waliotawala kilikuwa na jogoo mweupe, na hawa wa Lowndes wakachagua chui mweusi. Hakuna katuni wala kandanda ndani yake. Na kama ni kutafuta nani wa kwanza, basi kikosi cha vifaru cha wanajeshi weusi wa Marekani, cha 761, kilikuwa kikijiita kwa jina hilo katika vita vikuu vya pili, miaka 20 na zaidi kabla ya wote hawa. Marvel wenyewe waliona jina limekuwa na uzito wa kisiasa wasioutaka, na katika toleo moja la mwaka 1972 wakajaribu kumbadilisha shujaa wao kwa jina la Black Leopard. Jaribio halikudumu, na filamu iliyotoka mwaka 2018, ambamo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o aliigiza, ilirudi na jina la zamani na kulieneza kuliko wakati wowote.

Baada ya filamu hiyo nilisoma mahali fulani kwamba Eusébio, ambaye alifariki mwaka 2014, aliitwa hivyo kwa heshima ya sinema. Mtu aliyekufa miaka minne kabla! Mwandishi hakuwa na nia mbaya, ila alikuwa na majina mawili yaliyolingana, akaona lazima moja limezaa jingine, na hakuna mtu aliyemwambia atazame tarehe.

Kwa upande wa pili, haifai pia tukimbilie kusema kwamba kila mlingano ni bahati tu, maana ziko nyakati ambapo udugu upo na ni mzuri kuusimulia. Bendi ya roki ya Leeds iitwayo Kaiser Chiefs ilichukua jina lake, kwa kubadilisha herufi moja, kutoka kwa Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Sababu ni Lucas Radebe, beki aliyetoka klabu hiyo akaenda Leeds United mwaka 1994, akawa nahodha na kipenzi cha mji. Wanamuziki hao walikuwa mashabiki wa Leeds. Na ukifuata uzi nyuma zaidi utakuta kwamba Kaizer Motaung, aliyeianzisha klabu mwaka 1970, alikuwa ametoka kuichezea Atlanta Chiefs ya Marekani, akaunganisha jina lake na la timu hiyo. Kwa hiyo jina lilivuka bahari ya Atlantiki likaja Afrika, kisha likapanda Uingereza na kuingia katika magitaa. Huu ni udugu wenye ushahidi, na makala inayousimulia humpa msomaji faida.

Black Star ni tata zaidi. Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi aliyetoka Jamaika, alianzisha kampuni ya meli kwa jina hilo mwaka 1919. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957 iliweka nyota nyeusi katika bendera yake kwa kumkumbuka Garvey, na timu yake ya taifa ikawa Black Stars. Mwaka 1998 wanarapu wawili wa New York, Mos Def na Talib Kweli, wakatoa albamu kama kundi la Black Star, nao pia walikuwa wanamtazama Garvey. Hapa watatu ni wa ukoo mmoja ingawa mmoja ni bendera, mmoja ni kandanda na mmoja ni muziki. Lakini Tanga nako kulikuwa na Black Star, kikundi cha taarabu kilichojulikana pamoja na Lucky Star na sauti ya Shakila Said, na mashairi yake yalihusu mahaba, wivu na mafumbo ya watu wa pwani. Je, nayo tuiingize katika ukoo wa Garvey? Anayetaka kusema hivyo alete neno la waliokiunda. Nyota pekee haitoshi, kwa sababu nyota zimejaa kila mahali, na hata timu za taifa za Kenya na Tanzania, Harambee Stars na Taifa Stars, zinazo.

Ikhwani Safaa, kwa jina lake rasmi, ina wajina mwenye hadhi kubwa kuliko wote niliowataja. Katika karne ya 10, mjini Basra, palikuwa na jamaa wa wanazuoni waliojiita kwa jina hilo hilo, walioacha risala zipatazo 52 kuhusu hesabu, muziki, nyota na tabia za viumbe. Wataalamu wengi wanaona kwamba wanazuoni hao nao walilitoa jina lao katika kitabu cha hadithi, Kalila na Dimna, katika kile kisa cha njiwa walionaswa wavuni wakaruka nao wote kwa pamoja mpaka kwa panya aliyewatafunia kamba. Hadithi za wanyama, falsafa ya Basra, taarabu ya Unguja: safari ndefu kwa jina moja. Hili ndilo nililotarajia kulisoma chini ya ile makala, badala ya nguzo yetu.

Kuhusu mahakama sitasema mengi, ingawa watu hupenda kuuliza ni nani mwenye haki. Bendi ya Nirvana ya Marekani, iliyovuma mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilishtakiwa mwaka 1992 na Nirvana ya London iliyokuwako tangu miaka ya 1960, wakapatana nje ya mahakama na kila mmoja akabaki na jina. Kampuni ya Beatles iitwayo Apple na ile ya kompyuta zilivutana kwa miongo mitatu kabla ya kupatana mwaka 2007. Kesi inayotuhusu sisi wa pwani ni ile ya WWF. Kwa wavuvi wa Kiunga na Mkokoni, kaskazini ya Lamu, herufi hizo ni za watu wa hifadhi waliofanya kazi ya kulinda kasa na mayai yao. Shirika lenyewe liliundwa mwaka 1961. Kwa watoto wa mjini, katika miaka ya 1990, herufi hizo zilikuwa za mieleka ya Marekani, na sidhani kama kuna mtoto aliyepata kuchanganya kasa na mpiga mieleka, lakini wenye shirika waliona wana haki ya kutangulia. Mahakama ya Uingereza ikawakubalia, na mwezi wa Mei 2002 mieleka ikabadilika kuwa WWE. Mpaka leo nasoma magazetini “mwanamieleka wa WWF” kuhusu mtu aliyeanza kazi hiyo baada ya mwaka huo. Neno hilo lilikwisha kufa kwa amri ya mahakama, mhariri.

Majina ya watu yana utaratibu wake, na hapa nadhani Wabrazili wametutangulia. Katika kikosi chao cha Kombe la Dunia la 1994 walikuwamo Ronaldo wawili, basi beki mkubwa akaitwa Ronaldão na kijana mdogo akaitwa Ronaldinho. Katika Olimpiki ya Atlanta ya 1996 alikuwapo beki mwingine, Ronaldo Guiaro, na yule kijana, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ronaldo tu, alivaa jezi iliyoandikwa Ronaldinho. Alipokuja Ronaldinho mwingine wakamwongezea jina wanaloitwa watu wa jimbo lake, Gaúcho. Hawakumnyang'anya mtu jina. Waliongeza kidogo tu, na uwanja mzima ukajua nani ni nani. Wasanii nao hufanya hivyo au hukimbia kabisa: David Bowie alizaliwa David Jones, akaacha jina hilo kwa sababu Davy Jones wa kundi la Monkees alikuwa amelishika. Michael B. Jordan, mwigizaji, hulazimika kubeba ile B katikati ili asichukuliwe kuwa mcheza kikapu wa Chicago, na wasomaji wa Malindi watafurahi kujua kwamba B hiyo ni Bakari.

Waongozaji wa watalii wanaowapeleka wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke kumtafuta bundi mdogo wa huko hawatashangaa nikiwaambia kwamba James Bond alikuwa mtu wa ndege. Huyo wa kweli alikuwa Mmarekani wa Philadelphia aliyeandika kitabu cha ndege wa visiwa vya Karibi mwaka 1936. Ian Fleming, aliyekuwa na nyumba Jamaika na kitabu hicho mkononi, alitafuta jina la kawaida lisilo na mapambo kwa ajili ya jasusi wake, akalichukua hilo katika riwaya yake ya mwaka 1953. Hapa kuazima kupo na aliyeazima alikiri, lakini jasusi hakurithi chochote kutoka kwa mtaalamu wa ndege isipokuwa herufi tisa.

Najua jibu linalotolewa nikilizungumza jambo hili na waandishi vijana: kwamba msomaji anaelewa kutokana na ukurasa alipo, kwamba nafasi ni ndogo, na kwamba mambo haya ni ya wazee wenye muda. Jibu la kwanza lingefaa zamani, gazeti lilipokuwa karatasi yenye kurasa zake. Siku hizi habari moja hukatwa ikatumwa kwa simu bila ukurasa, bila tarehe, wakati mwingine bila hata jina la gazeti, na anayeipokea hana cha kumwonyesha kama yupo kwenye michezo au burudani. Tena hifadhi yenu ya mtandaoni imeyaweka yote pamoja: nikitafuta Malindi napata mafuriko ya Sabaki, kikao cha madiwani wa mji huu, taarabu ya Unguja na mabao ya ligi ya Zanzibar katika orodha moja, na mwanafunzi anayeandika insha kwa kutegemea orodha hiyo atakuja kutuandikia historia mpya.

Watu wa kawaida wa mwambao huu hawahitaji kufundishwa. Kuna Shella hapa Malindi na kuna Shela ya Amu, na sijapata kumsikia mtu mzima akitaja jina hilo kwa mgeni bila kuongeza mji. Hata wasimulizi wa Alfu Lela Ulela, walipowakutanisha Sindbad wawili katika nyumba moja ya Baghdad, mmoja tajiri na mmoja hohehahe, walimwita mmoja Baharia na mwingine Mchukuzi tangu mwanzo wa kisa, na msikilizaji hakupotea hata usiku mmoja.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Jina lenye wajina linapotajwa mara ya kwanza katika habari, liongezwe mji, mchezo, au mwaka, hata kama mwandishi anaamini kwamba kila mtu anajua. Mwandishi asiseme kwamba kitu kimeitwa kwa heshima ya kingine mpaka awe na tarehe zinazokubali na neno la aliyekiita. Mchagua picha asome makala kabla ya kuchagua. Na hifadhi ya mtandaoni itenganishwe kidogo kidogo, kuanzia majina yanayosumbua zaidi, ambayo kwa maoni yangu ni Simba, Malindi na Stars. Kuhusu nafasi katika vichwa vya habari, nimejaribu kuhesabu: neno “raga” lina herufi nne, na “Tanga” lina tano.

Wako,
Msomaji wa Shella, Malindi